Kisu cha Mashoto

Jumamosi, 8 Machi

Mvua imeanza leo, na imengoja mpaka tufike katikati ya msitu ndiyo ianze. Ina roho mbaya hii mvua. Asubuhi jua lilikuwa linawaka Kibera nzima, nikaacha koti nyumbani, na sasa naandika nikiwa nimejifunga leso kichwani na pua inachuruzika.

Lakini tumewaona. Group yetu ya kutembea ina watu wa kila aina, wa Ayany, wa Olympic, wa Kawangware, na wengi wao wakiona mnyama hupiga kelele kama wamevamiwa na nyuki. Leo Murunga alikuwa mbele kama kawaida, maana ndiye anayetuongoza. Akainua mkono wa kushoto, tukasimama.

"Tulieni," akanong'ona. "Kuna nyama hapo mbele."

Wamuyu, yule wa Ayany asiyeachana na kamera yake, alishindwa kujizuia. "Ati nyama? Bro, sema mnyama. Hapa si bucha."

"Kwetu yote ni nyama, madam," Murunga akajibu, na yeye ndiye aliyecheka zaidi.

Walikuwa mbawala wawili. Mimi nilikuwa naita kila chenye pembe swara mpaka Wamuyu aliponirekebisha, maana huyo hupenda kurekebisha watu. Jike ana sikio moja lililochanika, na dume ni mweusimweusi, pembe zake zimejipinda. Jike alituangalia vile mama mwenye nyumba huangalia wapangaji, kisha wakaingia kichakani bila haraka.

Nikipenda mtu, hata Kiswahili chake kibovu kinaniingia vizuri. Nyama, ati. Nimecheka njia nzima.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemaliza kisu cha Murunga. Chuma chake ni springi ya lori, na nilizunguka gereji zote za huku mpaka nikapata isiyo na ufa. Ndululu ameifua. Kibanda chetu hapa upande wa Olympic ni cha watu wawili: yeye hufua, mimi husaga, hutia mpini na kunoa, na sote wawili hugombana.

Murunga ni mashoto. Visu vya dukani vimetengenezwa kana kwamba Mungu aliumba mkono wa kulia peke yake. Hiki nimekisaga upande mmoja tu, ule unaomfaa, na upande wa pili nimeuacha bapa. Kikikata mti kinaacha uso laini kama umepigwa randa. Mtu wa kulia akikishika, kinamkwepa.

"Hiki ni kisu cha mtu mmoja," Ndululu akasema. "Siku mkikosana utamuuzia nani?"

"Hatutakosana."

"Sawa, fundi. Mimi ni wa nyundo tu."

Nilimwambia arudi kwa nyundo yake basi.

Jumanne, 11 Machi

Nimempa. Amenyoa nacho nywele za mkono wake palepale, akanionyesha ngozi, akasema hakuna mtu amewahi kumtengenezea kitu cha mkono wake. Nilijifanya natafuta tupa ili asinione uso.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Bati linavuja palepale lilipovuja mwaka jana. Murunga ameleta kisu. Nimenoa.

Jumamosi, 22 Machi

Leo ilikuwa Ngong Hills. Ukungu ulikuwa mzito, huoni hata mtu aliye mbele yako. Wale wanunuzi wangu wa group, watu walioniagiza visu vya porini vyenye ala ya ngozi na kamba ya kufunga pajani, wamevitumia kukata parachichi na kufungua pakiti za biskuti. Mmoja alitumia chake kupaka siagi kwa mkate. Nilisaga kile kisu siku mbili! Siagi!

Tulipofika kilima cha tatu fisi akakatiza mbele yetu. Fisi mwenyewe, mchana kweupe, amelowa, anatembea kwa ule mwendo wa mgongo ulioinama. Kila mtu aliganda. Murunga peke yake alisonga mbele kidogo, akasimama kati yetu na yule fisi, kisu bado kwenye ala, akaongea naye kwa Kiluhya kwa sauti ya chini, hivi kama mtu anayemwomba jirani apunguze redio. Fisi akaenda zake.

"Ulimwambia nini?" nikamuuliza.

"Nimemwambia hapa hakuna chake."

Nilikata muwa na kisu changu, nikampa kipande. Kuketi kwenye jiwe na mtu uliyemtengenezea kisu, mnakata muwa na ukungu unapita, sijui kama kuna raha nyingine inayonifaa hivyo. Naiandika kwa sababu huwa naandika malalamiko tu.

Jumatatu, 24 Machi

Murunga ameleta kisu. Nimenoa.

Jumapili, 30 Machi

Nimeenda Kawangware kwa Aunty Kalekye, dada yake mamangu, ambaye ndiye mama niliyebaki naye. Anaishi mtaa wa Kongo, hukohuko Kawangware, plot moja kutoka kwa Murunga, na ni yeye aliyetukutanisha, kwa hivyo anadhani uhusiano wetu ni mradi wake.

"Huyo Mluhya wako analeta mbuzi lini?"

Anamaanisha mbuzi wa ntheo, wale wa kwanza ambao mwanaume huleta kwa kina msichana. Kwetu Ukambani wakishachinjwa na kuliwa, basi, wewe ni mke wa mtu, hata kama harusi itachelewa miaka kumi. Nilimwambia Murunga anafanya vibarua vya mjengo, na mvua hii hakuna mjengo.

"Mvua ilikuwepo hata wakati wetu," akasema, "na tuliolewa."

Jumatatu, 7 Aprili

Murunga ameleta kisu. Kina pengo karibu na ncha, dogo, kama nusu ya punje ya mchele, na makali yote yamechoka. Nilimuuliza anakatia nini jamani.

"Kuni. Ilikuwa na msumari."

Kuondoa lile pengo ingebidi nisage makali yote upya. Akakataa. "Wacha hivyo, nakitaka leo." Nimenoa kikiwa na pengo lake. Ndululu alikuwa ananiangalia, nikamuuliza kama hajawahi kuona mtu akinoa.

Jumatatu, 14 Aprili

Ameleta kisu. Nimenoa. Mvua.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Leo nina furaha na nitaiandika hivyohivyo.

Baada ya kanisa nimeenda Kongo, na Murunga akaingia nyuma yangu amebeba nyama kwenye karatasi la sementi. Paja zima, limeshachunwa, limekatwa vizuri kwenye viungo. Amesema ni mbuzi wa kienyeji, jamaa wa mjengo amechinja akamgawia. Aunty aliifungua, akaiinamia, akainusa. Akainusa mara ya pili, polepole.

"Huyu mbuzi alikuwa anakula nini?" akauliza.

"Majani ya mvua, mama."

"Mm." Akaiosha, akaitia vitunguu na dhania nyingi, akaiweka jikoni. Ilikuwa nyama nyeusi, haina mafuta, na ilichukua muda kuiva. Tuliila yote. Ilikuwa tamu, siwezi kukataa. Aunty aliramba vidole, kisha akapangusa mikono, akamwangalia Murunga.

"Sasa umetulisha mbuzi. Unajua kwetu hiyo ni nini?"

"Ni nini?"

"Umeshaoa."

Murunga alinitazama mimi kwanza. Kisha akacheka, akasema, "Si ni sawa tu." Si ni sawa tu! Sijawahi kusikia ombi la ndoa fupi kama hilo, na nimelikubali. Najua ilikuwa mzaha. Najua pia Aunty hafanyi mzaha kuhusu mbuzi.

Nimerudi nyumbani na mfupa wa lile paja. Ni mwembamba lakini mzito kwa umbo lake, mgumu kuliko mifupa ninayotoa machinjioni. Nitaufanyia kitu.

Jumatano, 23 Aprili

Nimetengeneza kisu kidogo cha kwangu mwenyewe. Mpini ni ule mfupa wa Pasaka. Nimeupiga msasa mpaka umekuwa na rangi ya chai ya maziwa, una mistari midogo ndani kama mbao. Ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyotengeneza tangu nianze kazi hii. Nimekipiga picha nikatuma kwenye group, nikaandika: *Mfupa huu hupati bucha yoyote.* Watu wametuma mioyo na moto. Wamuyu ameandika: *Wow.*

Jumamosi, 26 Aprili

Msituni. Tumemwona jike wa sikio, yuko peke yake. Wamuyu alingoja sana na kamera yake, dume hakutokea.

"Wanaume ndio hivyo," Murunga akasema. "Anaenda, anarudi."

Wanawake wote tulimzomea, tukacheka.

Wamuyu alitaka tupitie njia ya chini, ya mtoni. Murunga akasema kuna tope. Wamuyu akasema tumepita tope la kila aina mwezi huu. Murunga akasema yeye ndiye kiongozi. Nilimuunga mkono Murunga, kwa sauti, mbele ya watu, kama mke.

Jumatatu, 28 Aprili

Ameleta kisu. Leo nimekuta mafuta yamegandia kwenye riveti za mpini, na unywele mmoja mfupi, wa rangi ya kutu. Nilisugua kwa maji moto na omo. Mbuzi wa kienyeji, nikajiambia. Nimenoa.

Jumamosi, 3 Mei

Hakuna safari, mvua imezidi. Maji yameingia kibandani mpaka kwenye viatu vya Ndululu. Amekaa juu ya fuawe kama kuku, anakunywa chai. Nilicheka, akaninunia.

Jumatatu, 5 Mei

Murunga ameleta kisu. Nimenoa. Jumamosi hatakuwa nasi, amesema kuna mazishi kwao Kakamega.

Jumamosi, 10 Mei

Sijui nianzie wapi, na nina hasira, kwa hivyo nitaandika vile ilivyotokea.

Kwa kuwa Murunga hakuwepo, Wamuyu ndiye aliyeongoza, na bila shaka alitupeleka njia ya mtoni. Tope lilikuwepo lakini si la kumzuia mtu. Tulikuwa wachache. Tulipofika karibu na maji tukasikia kitu kinagonga, kama mtu anapiga kifua kwa ngumi. Wamuyu akafikiri ni mwizi.

Alikuwa yeye, jike wa sikio. Mguu wa nyuma ulikuwa kwenye tanzi la waya, ule waya wa breki ya baiskeli, na waya umefungwa kwenye kamba ya manila, na kamba imefungwa kwenye mti. Alikuwa anaruka, anaanguka, anaruka tena. Alipotuona aliruka zaidi. Waya ulikuwa umeingia kwenye nyama mpaka nikaona weupe.

Wengine walirudi nyuma wakilia. Nilivua koti nikamrushia kichwani, nikamlalia. Ndiyo, nilimlalia, na uzito wangu wote, kwenye tope. Alitulia kidogo gizani mle. Moyo wake ulikuwa unapiga kwenye kifua changu kwa kasi ambayo sikujua moyo unaweza. Nikamwambia Wamuyu ashike mguu. Aliushika kwa mikono yote miwili. Nikatoa kile kisu changu kidogo, nikakata kamba, kisha nikaingiza ncha chini ya tanzi na kulilegeza, taratibu, taratibu, huku akinipiga mateke ya mbavu. Lilipotoka nikaondoa koti. Alisimama. Akaanguka. Akasimama tena na kuondoka kwa miguu mitatu, na hakutuangalia.

Wamuyu alikaa chini akalia kabisa. Mimi sikulia. Nilikuwa naangalia vigingi.

Pembeni ya njia ya wanyama mtu alikuwa amepigilia vigingi vya mti mbichi, ili mnyama asipite kwingine ila kwenye tanzi. Kila kigingi kimechongwa ncha. Nilichomoa kimoja. Ule uso uliokatwa ulikuwa laini kama umepigwa randa, na ulikuwa umelalia upande wa mashoto. Na katika kila mkato, kwenye kila kigingi, kulikuwa na mstari mmoja mwembamba ulioinuka, karibu na mwisho, vile kisu chenye pengo kinavyoacha. Pengo la nusu ya punje ya mchele.

Nimelinoa hilo pengo kwa mikono yangu, Jumatatu baada ya Jumatatu.

"Ni nini?" Wamuyu akaniuliza.

"Ni vigingi," nikasema.

Alipiga simu, askari wa msitu wakaja, wakakusanya waya na vigingi vyote wakaenda navyo. Waliuliza kama tunamjua mtu yeyote anayepita huku. Kila mtu alisema hapana. Na mimi nilisema hapana, na bado sijui kwa nini.

Nimefika nyumbani nikaosha kile kisu kidogo. Ndipo nikauona mpini. Majani ya mvua. Mzito kwa umbo lake. Dume hajarudi kwa sababu nilimla kwa vitunguu na dhania.

Jumapili, 11 Mei

Sikwenda kanisani. Aunty amepiga simu, sikushika.

Jumatatu, 12 Mei

Amekuja saa nne, anatabasamu, kisu kwenye ala.

"Niaje msupa. Hii kitu imekuwa butu."

"Mazishi ilikuwaje?"

"Poa tu."

"Nani alikufa?"

"Uncle."

"Uncle gani?"

Alimwangalia Ndululu, kisha mimi. "Mutanu, sema chenye unataka kusema."

"Nimeona vigingi vyako."

Hakukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo, nimeupangia majibu usiku kucha, na mtu hakukana! Alivuta kiti akaketi.

"Mimi sikuwahi kuwaficha," akasema. "Siku ile ya kwanza ya mvua nilisema nini? Nilisema kuna nyama hapo mbele. Mbele ya watu wote. Ni nyinyi mlisikia mnyama."

"Ulituletea ukasema ni mbuzi!"

"Hiyo, sawa. Hiyo nilidanganya. Lakini ulikula. Aunty yako aliramba vidole." Alikuwa anaongea kwa upole, na huo upole ndio ulioniua. "Nyinyi mnaenda pale kupiga picha, mnarudi kukula kuku. Mimi mvua ikinyesha hakuna mjengo, miezi tatu. Nani kwa group aliwahi kuniuliza, Murunga, wewe unakula nini? Hata wewe."

Hapo alinipata. Ningekuwa mtu mpole ningeketi nifikirie. Lakini nilikuwa bado nasikia ule moyo kwenye kifua changu.

"Alikuwa hai," nikamwambia. "Nilimlalia kwenye tope. Mguu umekatika mpaka mfupa."

"Basi si mmemwachilia. Na kazi yangu yote mmeharibu." Akaweka kisu mezani. "Noa, niende."

Noa, niende. Kama nilivyomnolea siku zote.

Nilichukua kile kisu. Ndululu aliinuka akachomeka waya wa grinda, akarudi kwenye fuawe yake. Nikawasha. Nilisaga yale makali mpaka yakaisha, pengo na kila kitu, cheche zinaruka mpaka kwenye viatu vya Murunga, mpaka kikabaki kipande cha chuma kisichoweza kukata sukumawiki. Nikamrushia mezani. Nilisikia raha. Mungu anajua, nilisikia raha kabisa.

Murunga alikiokota. Akapitisha kidole gumba palipokuwa na makali. Kisha akacheka, kidogo tu.

"Asante," akasema, akaenda.

Nimekaa mchana wote nikijiuliza ile asante ilikuwa ya nini.

Jumanne, 13 Mei

Sasa najua ilikuwa ya nini.

Nimeenda Ayany kwa Wamuyu. Nimemweleza yote: mashoto, makali ya upande mmoja, pengo, vigingi, paja la Pasaka. Alinisikiliza bila kunirekebisha hata mara moja, na hapo ningepaswa kujua mambo si mazuri.

"Kisu kiko wapi?" akauliza. "Askari wana vile vigingi. Tunapeleka kisu, wanalinganisha hilo pengo, maneno yameisha."

Nikaangalia kucha zangu, vumbi la chuma bado limo.

"Nimekisaga."

"Umekisaga lini?"

"Jana."

"Jana. Baada ya kuona vigingi."

"Nilikuwa na hasira, Wamuyu!"

"Mutanu, hebu jisikie."

Kisha akanionyesha simu. Murunga alimpigia jana jioni. Alisema kwa huzuni nyingi kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikimsumbua anitafutie mifupa ya wanyama wa porini ya kutilia mipini, kwamba alikataa, kwamba nina watu wangu wengine huko mtoni. Alisema nimeharibu kisu chake makusudi ili aonekane mbaya. Na kama haamini, aangalie ile picha.

Wamuyu akaifungua. Kisu changu kidogo, kinang'aa, kwenye kitambaa cheupe. Na chini yake maneno yangu mwenyewe: *Mfupa huu hupati bucha yoyote.*

"Ulikuwa unajisifu nini hapa?" akaniuliza.

"Muulize Ndululu, alikuwepo, alimsikia!"

"Ndululu ni partner wako."

"Ulinishikia mguu! Uliniona nikimlalia!"

"Nilikuona," akasema, na macho yake yalikuwa mekundu, "na nilikuona ukisema hapana askari walipouliza. Ulikuwa unaficha nini?"

Ningemwambia nilikuwa namficha mume wangu. Lakini mume gani? Nikaondoka.

Jumatano, 14 Mei

Nimetolewa kwenye group. Waliokuwa wameniagiza visu hawashiki simu.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua.

Jumamosi, 24 Mei

Ndululu ameniambia, akiangalia pembeni, kwamba group wameenda Ngong Hills leo. Murunga anaongoza. Nimepiga msasa mpini wa panga la mtu mpaka ukawa mwembamba kupita kiasi, sasa itabidi nitie mwingine.

Kile kisu kidogo bado ninacho. Mara mbili nimekipeleka mpaka kwenye mtaro nikitupe. Nimerudi nacho. Ni kizuri, na mikono yangu haijui kutupa kitu kizuri, hata kama kichwa kinajua.

Jumapili, 1 Juni

Mvua imekatika. Jua kali, matope yanakauka na kunuka.

Nimeenda Kongo mwishowe. Aunty alikuwa amepika muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, ametandika kitambaa kizuri cha meza, na alipouliza Murunga yuko wapi nikajua hajasikia lolote. Nikaona nimwambie mara moja, kama kung'oa jino.

"Aunty, ile nyama ya Pasaka haikuwa mbuzi."

Aliendelea kupakua. "Najua."

Nilidhani hakunisikia vizuri. "Ilikuwa mnyama wa msituni. Alimtega na waya."

"Mutanu, mimi nimezaliwa Kitui. Baba yangu alikuwa anatuletea hiyo nyama tukiwa wadogo, wakati wa njaa. Nisiijue?" Akaweka sahani mbele yangu. "Nilijua nilipoifungua."

"Na ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Ukanipikia! Ukaniambia nimeolewa!"

Hapo ndipo alipoketi. Sijawahi kumwona Aunty Kalekye amekosa la kufanya na mikono yake. Aliipanga juu ya meza kama vitu vya mtu mwingine.

"Umri wako unaenda, mama," akasema. "Unashinda na chuma na yule mzee wa nyundo. Mwanaume ameingia kwa mlango wangu na kitu mkononi. Nikasema moyoni, wacha iwe mbuzi."

Nilimweleza yaliyobaki: kisu, picha, Wamuyu, na Murunga anayetembea mbele ya watu kilimani huku mimi nikiitwa mwindaji. Nilipiga kelele, majirani walisikia, na nisingejali kama wangesikia mpaka Machakos. Alinisikiliza mpaka mwisho. Sikutaka pole yake na hakunipa.

"Sasa mimi ni mke wa nani?" nikamuuliza.

"Wa hakuna mtu. Ntheo ni mbuzi. Yule hakuwa mbuzi." Alisema hivyo kwa haraka, kama jibu alilokuwa ameliandaa tangu Pasaka. "Akija mwingine, mbuzi wake waingie hapa kwa miguu yao wenyewe. Niwasikie wakilia."

"Hiyo sheria ungeikumbuka Pasaka," nikamwambia.

Aliniongezea muthokoi.